Nani Anayakula Maharage ya Shangazi?

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, nami nitakufuata kwa sauti. Mazungumzo ya leo nayo ni ya jikoni, ingawa jiko lenyewe limejificha chini ya mbavu zako upande wa kulia.

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana mmoja. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," kisha akamwaga yaliyomjaa moyoni. Shangazi yake, aliyemlea tangu yuko darasa la pili, amegundulika kuwa na saratani ya ini. Tangu siku hiyo nyumba imegeuka kamati ya chakula. Jirani kasema nyama ikome. Mama mmoja wa jumuiya kasema mayai yakome. Binamu, ambaye amesoma mahali fulani kwenye simu yake, kasema saratani inakula protini, kwa hiyo maharage, dagaa na maziwa navyo vikome, uvimbe ufe kwa njaa. Sasa shangazi anakula ugali mweupe na mchuzi wa nyanya. Kijana anauliza: "Mzee, ni kweli tukimnyima yeye, tumeinyima saratani?"

Marahaba, mwanangu. Nimekaa na swali lako siku kadhaa. Ningependa kusema huyo binamu kajitungia, lakini hakujitungia. Ameshika ncha ya jambo la kweli, jambo ambalo wanasayansi wamelichimba kwa zaidi ya miaka 60. Seli ya saratani ya ini kweli ina uchu wa asidi amino, yaani vile vipande vidogo vinavyopatikana protini ikikatwakatwa tumboni na utumboni. Binamu alipopotea ni njiani, kati ya sahani na uvimbe. Hebu tuipite njia hiyo pamoja, tutaona nani anakutana na nini.

Tuanze na ini zima, ini la mtu mwenye afya. La mtu mzima lina uzito wa karibu kilo 1.5, na kila dakika hupitiwa na karibu lita moja na nusu ya damu. Robo tatu hivi ya damu hiyo haiji moja kwa moja kutoka kwenye moyo. Inatoka utumboni, kwa mshipa mkubwa ambao jina lake la kitabibu limetokana na neno lenye maana ya lango. Ukiacha sehemu kubwa ya mafuta, ambayo ina njia yake nyingine, karibu kila ulichokula mchana hupita hapo kwanza kabla kiungo kingine chochote hakijakionja. Waliokulia pwani watanielewa nikisema ini ni forodha. Jahazi likitia nanga, mzigo haukimbilii dukani. Unashushwa, unafunguliwa, unahesabiwa. Kingine kinaruhusiwa kupita, kingine kinazuiwa, kingine kinateketezwa.

Asidi amino zinazojenga protini za mwili wetu ziko aina 20, na 9 kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea. Lazima zitoke kwenye sahani. Zikifika forodhani, seli za ini hazizichukui zote kwa pupa. Leusini, isoleusini na valini, kwa mfano, nyingi huachiwa zipite zikaijenge misuli, kwa sababu seli za ini zina kidogo sana cha kimeng'enya kinachoanza kuzivunja. Nyingine huchukuliwa na kutiwa kazini papo hapo. Kila siku ini hutengeneza gramu 10 hadi 15 za albumini, protini inayoyashika maji yasitoroke kutoka kwenye damu. Hutengeneza pia protini za kugandisha damu ukijikata na kisu cha vitunguu. Usiku, ukiwa umelala na sufuria zimeoshwa, misuli hutuma alanini kwenye ini, nalo huigeuza kuwa sukari ili ubongo usizime kama taa ya kibatari.

Halafu kuna kazi chafu ambayo hakuna kiungo kingine kinachoiweza kwa kiwango kile. Asidi amino ikivunjwa huacha amonia, na amonia ni sumu kwa ubongo. Ini huigeuza kuwa urea, ambayo figo huitoa kwenye mkojo. Mzunguko huo wa kutengeneza urea uligunduliwa mwaka 1932 huko Freiburg, Ujerumani, na daktari kijana Hans Krebs pamoja na mwanafunzi wake Kurt Henseleit, wakitumia vipande vyembamba vya ini la panya. Mwaka uliofuata Krebs alifukuzwa kazi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, akakimbilia Uingereza, na huko ndiko jina lake lilikokua hadi Tuzo ya Nobel ya mwaka 1953. Nchi iliyomfukuza mtu aliyeeleza mwili unavyojitoa sumu haikujua ilikuwa inajinyima nini.

Sasa nisogeze kiti karibu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Seli za ini hazifanani kazi. Zile zilizo karibu na mlango wa kuingilia damu huichukua asidi amino moja iitwayo glutamini, zikaivunja, na amonia yake zikaitia kwenye urea. Zile zilizo mwisho kabisa, ukanda mwembamba wa seli chache tu kuuzunguka mshipa wa kutokea, hufanya kinyume: huinasa amonia iliyoponyoka, zikaifunga tena ndani ya glutamini mpya, kisha zikaitoa glutamini hiyo irudi kwenye damu. Mjerumani Dieter Häussinger ndiye aliyelifafanua jambo hili katika miaka ya 1980. Mwanzoni zinavunja, mwishoni zinaunga, na amonia haipati upenyo. Kwa mpango huo, mlango wa glutamini kwenye seli ya ini hauna budi kuwa wa kuingilia na kutokea. Ushike mlango huo, msikilizaji. Tutauhitaji.

Nimesema mlango, na si fumbo. Seli imezungushiwa utando wa mafuta, na asidi amino haiwezi kupenya mafuta hivi hivi. Inapitishwa na protini maalumu zilizopachikwa kwenye utando. Nyingi kati yake hufanya kazi kwa kuitegemea chumvi, yaani sodiamu. Seli ina pampu inayotoa sodiamu 3 nje kila inapoingiza potasiamu 2, usiku na mchana, na kwa hiyo nje ya seli sodiamu imejaa ikitamani kurudi ndani. Asidi amino huingia nayo kama mtoto anayeingia uwanja wa mpira akiwa ameshika shati la mtu mzima mwenye tiketi. Hana nguvu zake mwenyewe, lakini anaingia hata kama ndani kumeshajaa.

Aliyeipa milango hii majina ni Mmarekani Halvor Christensen, wa Chuo Kikuu cha Michigan. Cha ajabu ni seli alizoanzia. Majina ya kwanza hayakutoka kwenye ini wala kwenye seli yoyote yenye afya. Alitumia seli za saratani ya panya, za aina inayoelea kwenye maji ya tumbo, kwa sababu hizo unazichota kwa sindano tu na unapata mamilioni yanayofanana. Mwaka 1963, yeye na mwenzake Dale Oxender walieleza milango miwili mikubwa katika seli hizo: A, unaopendelea alanini na jamaa zake, na L, unaopendelea leusini na jamaa zake. Baadaye ukatajwa wa tatu, ASC. Yaani ramani ya kwanza ya milango ya asidi amino ilichorwa kwa kuangalia nyumba ya mwizi.

Seli za ini zenye afya zilikuwa ngumu kupatikana. Hadi mwaka 1969 ndipo Berry na Friend walipoonyesha namna nzuri ya kulitenganisha ini la panya kuwa seli moja moja, kwa kupitisha ndani yake kimeng'enya kinachoyeyusha gundi inayozishikanisha. Hata hapo seli hizo zilikuwa na deko: ziweke kwenye sahani ya maabara, na baada ya siku chache zinaanza kuisahau kazi yake. Hatimaye mwaka 1980 Michael Kilberg, Mary Handlogten na Christensen wakautangaza mlango waliouona kwenye seli za ini la panya, tofauti na ile ya awali. Wakauita N, kwa ajili ya naitrojeni, kwa sababu unapitisha glutamini, asparajini na histidini, asidi amino ambazo mkono wake wa pembeni umebeba naitrojeni ya ziada. Ndio ule mlango wetu wa kuingilia na kutokea.

Jambo moja zaidi kuhusu ini lenye afya, kisha tuingie kwenye saratani. Milango yake inatii amri. Ukifunga kula, homoni ya glukagoni hupanda na milango ya A huongezeka, ili ini livute alanini nyingi zaidi ya kutengenezea sukari. Na kuna tukio linalonivutia kuliko yote. Mwaka 1931 Higgins na Anderson walieleza jinsi walivyokata theluthi mbili ya ini la panya, na lile lililobaki likakua tena hadi kuukaribia uzito wa awali ndani ya wiki chache. Siku hizo za kukua, uingizaji wa asidi amino kwa mlango wa A hupanda. Ini likishatimia, unashuka. Kwa hiyo kufungua milango mingi si dhambi peke yake. Ini lenye afya nalo hufungua likiwa na ujenzi. Ujenzi ukiisha, linafunga.

Sasa saratani.

Katika miaka ya 1990, huko Boston, daktari wa upasuaji Wiley Souba na mwanabayolojia Barrie Bode walifanya jambo linaloonekana rahisi ukilisikia: walizilinganisha seli za ini la binadamu zenye afya na seli za saratani ya ini, kuona kila upande unaingizaje glutamini. Matokeo yao ya mwaka 1995 na ya miaka iliyofuata yalionyesha kwamba seli za saratani zinaingiza kwa kasi kubwa mno, katika baadhi yake mara 10 na zaidi. Lakini kasi haikuwa habari yenyewe. Habari ni kwamba mlango ulikuwa mwingine. Mlango wa N, ule wa kipekee wa ini, kazi yake ilikuwa imetoweka kwenye seli za saratani, na mahali pake palikuwa na mlango wa ukoo wa ASC, ambao siku hizi unajulikana kwa jina la ASCT2.

Hebu tafakari maana yake. Seli ya ini ilikuwa na mlango wa kuutumikia mwili: leo inaingiza, kesho inatoa, kulingana na haja ya wengine. Ilipogeuka, ikaung'oa mlango huo, ikaweka wa kujihudumia. Ofisa wa forodha amegeuza ghala la serikali kuwa duka lake.

Seli zinazofanyiwa majaribio ya namna hii nazo zina hadithi zake. Nyingi zilichukuliwa kwa mgonjwa mmoja miaka mingi iliyopita, zikaendelea kuishi na kugawanyika maabara hadi leo. HepG2, zinazotumika kuliko zote, zilitoka kwenye ini la kijana wa miaka 15 wa Argentina, na jina lake hatulijui. Nyingine, PLC/PRF/5, maarufu kama seli za Alexander kwa jina la mtafiti wa Afrika Kusini aliyezitangaza pamoja na wenzake mwaka 1976, zilitoka kwa mwanamume wa Msumbiji. Kila ninapoona jina Alexander kwenye makala ya kisayansi huwa namkumbuka yule mtu wa Msumbiji, jirani yetu wa kusini ya Ruvuma, ambaye seli zake zimezunguka dunia nzima bila yeye. Seli hizo zina alama nyingine nitakayoirudia: zinatoa kwenye maji yake ganda la virusi vya homa ya ini B. Virusi vilishajishona ndani ya jeni zake.

Mlango wa pili wa kutajwa ni LAT1, uliotambuliwa na Yoshikatsu Kanai na wenzake wa Japani mwaka 1998. Kwenye seli ya ini yenye afya ni adimu. Kwenye saratani nyingi za ini unaongezeka. Biashara yake ni mali kwa mali: unatoa asidi amino moja, mara nyingi glutamini, unapokea leusini. Ukiuunganisha na ASCT2 unaona mchezo mzima. ASCT2 unajaza glutamini ndani, LAT1 unaitumia glutamini hiyo kama sarafu ya kununulia leusini. Na leusini ndiyo ile ile ambayo ini lenye afya huiacha ipite iende kwenye misuli!

Leusini ya nini kwa seli ya saratani? Ya kujengea protini, ndiyo, lakini pia ni kengele. Ikijaa ndani ya seli huamsha protini ya udhibiti iitwayo TOR, ambayo huiambia seli: chakula kipo, kua. Jina TOR lina safari ndefu. Linatokana na dawa ya rapamisini, iliyopatikana kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui katika Pasifiki, na mwaka 1991 Michael Hall na wenzake, mjini Basel, Uswisi, wakagundua dawa hiyo inashika nini ndani ya hamira. Glutamini nayo inatoa naitrojeni ya kutengenezea herufi za DNA, na kila seli inayotaka kujigawa lazima inakili kitabu kizima cha DNA kwanza. Wino wa kunakilia unatoka humo.

Kufikia hapa, kijana wangu, binamu yako anaweza kukaa kifua mbele. Si ndiyo haya aliyokuwa akiyasema? Tuufunge tu mlango, au tuimalize bidhaa! Na kweli wapo waliojaribu. Bode na wenzake walipouzima mlango wa ASCT2 kwenye seli za saratani ya ini maabara, seli zilikufa. Na nje ya ini kuna ushindi wa kweli. Mwaka 1953 John Kidd wa New York aliona kwamba majimaji ya damu ya simbilisi yanayeyusha uvimbe fulani kwenye panya. Mwaka 1961 John Broome akaonyesha siri ni kimeng'enya kinachovunja asparajini. Hadi leo kimeng'enya cha namna hiyo, siku hizi kikitengenezwa kutokana na bakteria, ni sehemu ya tiba ya watoto wenye saratani ya damu, maana seli za saratani ile haziwezi kujitengenezea asparajini ya kutosha, na seli nyingine zinaweza. Kuna watoto wanaocheza mpira leo kwa sababu ya wazo la kuinyima saratani asidi amino moja.

Saratani ya ini ni jeuri zaidi. Wakaijaribu arjinini. Saratani nyingi za ini hupoteza kimeng'enya kimoja cha ule mzunguko wa urea, zikashindwa kujitengenezea arjinini, zikawa zinaiomba nje. Basi ikatengenezwa dawa ya kuifagia arjinini kutoka kwenye damu. Mantiki ilikuwa safi kama maji ya kisima. Jaribio kubwa kwa wagonjwa wa saratani ya ini lilipotoa matokeo yake mwaka 2018, waliopewa dawa hawakuishi muda mrefu kuliko wasiopewa. Mwaka 2023 maabara ya Hall yule yule wa Basel ikatuonyesha jinsi seli hizi zilivyo na ujanja: ingawa zinatengeneza arjinini kidogo, ndani yake imejaa tele, kwa sababu zinaivuta sana kutoka nje na zinaacha kuitumia kwa kazi yake ya kawaida. Zinaiweka akiba. Ikirundikana, inashikana na protini moja inayobadilisha usomaji wa jeni, na seli inazidi kuacha uini wake.

Na hata glutamini haina kanuni moja. Ziko saratani za ini, hasa zile zenye kasoro kwenye jeni ya beta-katenini, ambazo hazihitaji kuomba. Zinajitengenezea glutamini zenyewe, tele. Kimeng'enya kile ambacho kwenye ini lenye afya kiko tu kwenye ule ukanda mwembamba wa mwisho, humo kimetapakaa uvimbe mzima. Wataalamu wa maabara wanaopima kipande cha ini kwa darubini hutumia rangi ya kimeng'enya hicho kusaidia kutambua saratani. Wagonjwa wawili wodi moja, ugonjwa wenye jina moja, na wa kwanza uvimbe wake unainunua glutamini wakati wa pili unajitengenezea. Sasa mtu akikwambia kwa simu "saratani inakula kitu fulani", muulize: ya nani?

Lakini hoja kubwa dhidi ya kamati ya chakula haimo hata kwenye haya. Imo kwenye njia. Dawa za asparajini na arjinini zinafanya kazi ndani ya damu yenyewe, zinafagia kitu kimoja moja kwa moja. Sahani haifanyi hivyo. Ukimnyima shangazi maharage, damu yake haiishiwi asidi amino, kwa sababu mwili hautakubali. Una ghala, na ghala hilo ni misuli. Glutamini ambayo uvimbe unaipenda, sehemu yake kubwa ndani ya damu hutolewa na misuli hata siku za shibe. Chakula kikipungua, misuli huvunjwa zaidi ili kiwango cha damu kisimame. Uvimbe uko pale pale mtoni, unachota. Kilichopungua ni mapaja na mabega ya shangazi.

Na ini gonjwa hulifanya hilo kuwa baya zaidi. Saratani hii mara nyingi huota kwenye ini lililokwisha kuwa gumu kwa makovu ya miaka. Ini hilo halina akiba ya sukari ya usiku. Mtu mwenye ini la makovu akilala bila kula mpaka asubuhi, mwili wake unafanana na wa mtu mzima wa afya aliyekaa na njaa siku 2 au 3. Zamani madaktari wenyewe walikuwa wakiwapunguzia protini wagonjwa wa ini waliochanganyikiwa akili, wakiiogopa amonia. Hofu yenye sababu, tumeshaiona amonia ilivyo. Utafiti uliofanywa Hispania ukachapishwa mwaka 2004 uliwapa wagonjwa kama hao chakula cha protini ya kawaida, ukawalinganisha na walionyimwa. Kunyimwa hakukuwa na faida, na mwili wa walionyimwa ulizidi kujivunja. Sehemu ya sababu unaweza kuikisia: misuli nayo husaidia kuinasa amonia. Ukiila misuli, umemfukuza mlinzi wa pili.

Miongozo ya wataalamu wa lishe siku hizi humtakia mgonjwa wa ini la makovu protini ya gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 50 anahitaji gramu 60 hadi 75. Yai moja lina kama 6. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15. Piga hesabu ya ugali na mchuzi wa nyanya, uone umefika wapi. Na kitu kidogo kabla ya kulala, kikombe cha uji wenye maziwa kwa mfano, kimependekezwa kwa sababu ile ya usiku mrefu. Mpeleke shangazi kwa daktari wake na mtaalamu wa lishe wapange kiasi chake yeye, maana figo, tumbo kujaa maji na dawa anazotumia vina maneno yake. Mimi ni sauti tu redioni.

Nimetaja uji, na siwezi kuutaja nikanyamaza kuhusu karanga. Uji wetu wa lishe huchanganywa karanga na mahindi, na humo ndimo sumukuvu inapojificha, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyovunwa mbichi au kuhifadhiwa vibaya. Ikija nyingi kwa mpigo, inaua: mashariki ya Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317 wakafa 125, Dodoma na Manyara mwaka 2016 waliugua 68 wakafa 20. Ikija kidogo kidogo kwa miaka, haipigi kelele. Inakwenda kwenye ini, forodha ya kila kitu, inageuzwa humo humo kuwa kitu kinachong'ang'ania DNA, na kuacha kovu kwenye jeni ya ulinzi iitwayo p53, mahali palepale pamoja. Watafiti waliliona kovu hilo mwaka 1991 kwenye saratani za ini kutoka China na kusini mwa Afrika. Ikikutana na homa ya ini B, hatari inazidishwa. Ndiyo maana niliahidi kuzirudia seli za yule mtu wa Msumbiji. Watoto wetu wanachanjwa homa ya ini B tangu uchanga, Kenya kuanzia mwaka 2001, Tanzania 2002. Shangazi alizaliwa kabla. Basi karanga za uji wake zichambuliwe kwenye ungo, moja moja. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, itupwe, na kuku asipewe.

Nilimrudia kijana kwa simu juzi, kabla sijaandika haya. Nikamwuliza shangazi ana kilo ngapi sasa. Akasema wamempima zahanati, hajapungua, tena ameongezeka kilo 2, na kamati ilifurahi sana. Nikamwambia kilo hizo zinaweza kuwa za maji yaliyomo tumboni, amtazame mkono. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba shangazi ana bangili ya fedha aliyoachiwa na mama yake, haijawahi kuvuka kifundo cha mkono, na siku hizi akiinua mkono kujitanda kanga, inateleza mpaka kwenye kiwiko.